Sosi ya Saladi ya Kijapani na Sayansi Iliyomo Ndani Yake

Mafuta na maji hayakai pamoja. Kila mpishi analijua jambo hilo, na mtu anayechanganya siki na mafuta kwa ajili ya saladi huona baada ya dakika chache kuwa mafuta yamepanda juu na siki imebaki chini. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Japani hutengenezwa sosi ya saladi yenye mafuta, siki, mchuzi wa soya na mboga zilizokunwa, nayo hubaki imechanganyika kwa muda wa kutosha kula mlo mzima. Kuitengeneza hakuhitaji mashine wala dawa za kiwandani. Kunahitaji kinu, bati la kukunia, chupa yenye kifuniko, na ufahamu wa mambo machache yanayotendeka ndani ya chupa hiyo.

Faida ya ufahamu huo si ladha peke yake. Sosi hiyo yaweza kumsaidia mlaji kupunguza chumvi katika chakula chake, na yaweza kuuwezesha mwili kuzitumia mboga ipasavyo. Lakini sosi hiyo hiyo, ikitiwa katika mboga chafu au ikihifadhiwa ovyo, yaweza kuleta madhara. Makala haya yanaeleza mambo hayo moja baada ya jingine, kisha yanatoa njia mbili za kuitengeneza nyumbani.

Saladi ni chakula kipya Japani

Kwa karne nyingi Wajapani hawakuwa na desturi ya kula majani mabichi. Mboga za majani zilichemshwa kidogo, zikakamuliwa maji, kisha zikachanganywa na viungo vilivyosagwa. Mapishi ya namna hiyo huitwa aemono. Mchicha au maharage machanga yakichanganywa na ufuta uliosagwa, mchuzi wa soya na sukari, hupatikana goma-ae, yaani mboga za ufuta. Matango na figili nyeupe, ambazo ziliweza kuliwa bila kupikwa, kwa kawaida zilitiwa chumvi au siki kwanza.

Desturi hiyo ilikuwa na sababu ya msingi. Kinyesi cha binadamu kilikuwa mbolea ya thamani katika mashamba ya Japani, na mboga zilizokuzwa kwa mbolea hiyo zilibeba mayai ya minyoo. Uchunguzi uliofanywa katika miaka iliyofuata kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili mwaka 1945 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wananchi walikuwa na minyoo ya tumbo. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa nchini humo walikatazwa kula mboga mbichi za wenyeji, na mwaka 1946 jeshi hilo lilianzisha huko Chofu, karibu na Tokyo, shamba kubwa ambamo mboga zilikuzwa katika changarawe na maji yenye virutubisho, bila udongo wala kinyesi.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Japani ilihimiza kilimo cha zile zilizoitwa mboga safi, yaani zilizokuzwa kwa mbolea za viwandani. Wakati huo huo watoto wa shule walipimwa choo mara kwa mara, na waliokutwa na minyoo walipewa dawa. Kufikia miaka ya 1970 minyoo hiyo ilikuwa nadra. Hapo ndipo saladi ya majani mabichi ilipopata nafasi mezani. Kampuni ya Kewpie, iliyokuwa ikiuza mayonezi tangu mwaka 1925, ilianza kuuza sosi ya saladi ya chupa mwaka 1958, nayo ilikuwa ya mtindo wa Kizungu. Baadaye wapishi na viwanda waliziacha baadhi ya ladha za kigeni na kutia mchuzi wa soya, siki ya mchele na ufuta. Sosi hiyo mpya iliitwa ya wafu, neno lenye maana ya mtindo wa Kijapani. Jina lenyewe laonyesha kuwa ni ndoa ya mambo mawili: saladi ilitoka ng'ambo, bali ladha ni ile ya aemono za kale.

Mchuzi wa soya ni kazi ya kuvu

Kiungo kikuu cha sosi hii ni mchuzi wa soya, ambao Wajapani huuita shoyu. Maharage ya soya huloweshwa na kupikwa kwa mvuke, na ngano hukaangwa na kupondwa. Viwili hivyo huchanganywa kwa kiasi kinachokaribiana, kisha hutiwa mbegu za kuvu iitwayo Aspergillus oryzae. Huachwa katika joto kwa muda wa siku tatu hivi, mpaka kuvu ienee kote. Mchanganyiko ulioota kuvu huitwa koji. Kwa Wajapani kuvu hiyo ina heshima kubwa, hata mwaka 2006 chama cha wataalamu wa uchachushaji wa nchi hiyo kiliitangaza kuwa kuvu ya taifa.

Kuvu hutoa vimeng'enya, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kumalizika. Vimeng'enya vya namna moja huikata protini ya soya vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, na vya namna nyingine huugeuza wanga wa ngano kuwa sukari. Baada ya hapo koji hutiwa katika maji yenye chumvi nyingi na kuachwa kwa miezi kadhaa, mara nyingi sita au zaidi. Chumvi huwazuia bakteria waozeshao chakula, lakini huwaacha bakteria na hamira wachache wanaoistahimili. Hao huleta uchachu kidogo, alkoholi kidogo na harufu nzuri. Rangi nyeusi yenye wekundu hutokana na sukari na asidi za amino zinapoungana polepole. Mwishowe mchanganyiko hukamuliwa katika vitambaa, na maji yanayotoka hupashwa moto na kutiwa chupani.

Siki ya mchele hupatikana kwa njia inayofanana na hiyo, ila ina hatua moja zaidi. Koji huugeuza wanga wa mchele kuwa sukari, hamira huigeuza sukari kuwa alkoholi, na bakteria wa siki huigeuza alkoholi kuwa asidi ya asetiki kwa msaada wa hewa. Asidi hiyo huwa karibu asilimia 4 hadi 5 ya siki. Kwa hiyo mtu anapochanganya mchuzi wa soya na siki, anatumia matunda ya kazi iliyokwisha kufanywa na viumbe wasioonekana kwa macho, kazi ambayo jikoni isingeweza kukamilika kwa siku moja.

Ladha ya tano na suala la chumvi

Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo aliichunguza supu ya kombu, aina ya mwani mpana unaotumiwa sana katika mapishi ya Kijapani. Aliona kuwa supu hiyo ina ladha isiyokuwa tamu, chungu, chachu wala ya chumvi. Akafaulu kuitenga asidi ya glutamiki kutoka katika mwani huo, akathibitisha kuwa chumvi za asidi hiyo, ziitwazo glutamati, ndizo zilizoleta ladha ile. Akaiita umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, alipata kitu kingine chenye umami, yaani inosinati, katika samaki mkavu aitwaye katsuobushi. Baadaye iligunduliwa kuwa glutamati ikikutana na inosinati, umami huongezeka kuliko jumla ya nguvu za kila kimoja peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 21 wanasayansi walivitambua vipokezi vya ladha hiyo katika ulimi, na ubishi juu ya kuwapo kwake ukaisha.

Glutamati ni mojawapo ya asidi za amino ambazo kuvu ya koji huzitoa katika protini ya soya na ngano. Ndiyo maana tone la mchuzi wa soya hukifanya chakula kionekane kimekolea. Lakini mchuzi huo una chumvi nyingi. Katika gramu 100 za mchuzi wa kawaida mna takriban gramu 14.5 za chumvi. Kijiko kimoja cha mezani, chenye uzito wa gramu 18 hivi, huwa na gramu 2.6. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Kwa hiyo vijiko viwili vinatosha kuzidisha kiwango hicho. Mnunuzi asidanganywe na rangi pia: mchuzi wa soya wa rangi hafifu, uitwao usukuchi, una chumvi nyingi kuliko ule mweusi, karibu gramu 16 katika kila gramu 100.

Japani ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tangu mwaka 1951 hadi mwaka 1980 kiharusi ndicho kilichoongoza kwa kusababisha vifo nchini humo. Ugonjwa huo ulienea hasa katika mikoa ya kaskazini, mathalani Akita, ambako watu walikula mboga na samaki waliokolezwa chumvi muda wote wa baridi. Watafiti wa miaka ya 1950 walikadiria kuwa wakazi wa huko walikula zaidi ya gramu 20 za chumvi kwa siku. Kampeni za afya, upimaji wa shinikizo la damu na kuenea kwa majokofu vilisaidia kupunguza kiasi hicho. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni wastani wa nchi nzima umekuwa karibu gramu 10, yaani mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa.

Hapa ndipo sosi iliyotengenezwa nyumbani inapokuwa na manufaa. Umami na uchachu wa siki humfanya mlaji aridhike na chumvi ndogo. Mchuzi wa soya ukigawanywa katika siki, mafuta na mboga zilizokunwa, huenea juu ya saladi yote, na kila mtu hupata sehemu ndogo tu. Hesabu iliyo katika njia ya kwanza hapa chini yaonyesha tofauti hiyo.

Namna mafuta yanavyokaa ndani ya maji

Mafuta hutengana na maji kwa sababu molekuli za maji huvutana zenyewe kwa nguvu na kuyasukuma mafuta kando. Aidha, mafuta ni mepesi: lita moja ina uzito wa kilo 0.92 hivi, ilhali lita ya siki inafikia kilo moja na ya mchuzi wa soya karibu kilo 1.2. Chupa ikitikiswa, mafuta hukatika matone madogo yanayotawanyika katika siki. Mchanganyiko wa namna hiyo, wenye matone ya kimiminiko kimoja ndani ya kingine, huitwa emulsheni. Chupa ikitulia matone hukutana, huungana na kupanda juu.

Zipo njia tatu za kukawiza utengano huo, nazo zote hutumika katika sosi ya Kijapani.

Njia ya kwanza ni kuyafanya matone yawe madogo. Kasi ya tone kupanda hutegemea mraba wa kipenyo chake. Tone likipunguzwa kipenyo kikawa nusu, kasi yake huwa robo. Likipunguzwa kikawa sehemu moja ya kumi, kasi yake huwa sehemu moja ya mia. Kwa hiyo kutikisa chupa kwa nguvu, au kumimina mafuta kidogo kidogo huku yakipigwa, si kupoteza wakati.

Njia ya pili ni kuyafanya maji yawe mazito ili matone yasipate njia rahisi. Kitunguu na karoti vikikunwa, kuta za chembe hai zake hupasuka na kutoa nyuzi nyembamba na pektini, kile kitu kinachoifanya jemu igande. Nyuzi hizo hutanda ndani ya siki kama wavu.

Njia ya tatu ni kuyavika matone vazi lisiloyaruhusu kuungana. Katika mayonezi vazi hilo ni protini na lesithini ya kiini cha yai. Katika sosi ya ufuta ni chembe za ufuta wenyewe uliosagwa. Chembe ngumu na ndogo sana hushikilia mpaka ulio kati ya mafuta na maji, na kulizunguka tone kama ukuta. Mwingereza S. U. Pickering aliyaeleza mambo haya katika maandishi yake ya mwaka 1907, na hata leo emulsheni zinazoshikiliwa na chembe ngumu huitwa kwa jina lake.

Ufuta, kinu na moto

Katika gramu 100 za ufuta mna karibu gramu 50 za mafuta na gramu 20 za protini. Lakini punje nzima ina ganda gumu, na ikimezwa bila kutafunwa huweza kupita tumboni bila kumeng'enywa. Kwa sababu hiyo Wajapani husaga ufuta kabla ya kuula. Hutumia suribachi, yaani kinu cha udongo wa kufinyanga ambacho ndani yake kimechorwa mistari mingi yenye makali, pamoja na mchi wa mti. Mistari hiyo huzikamata punje na kuzipasua zinaposukumwa na mchi, badala ya kuziacha ziteleze.

Kabla ya kusagwa ufuta hukaangwa bila mafuta. Moto huunganisha sukari na asidi za amino zilizomo ndani ya punje na kuleta rangi ya kahawia na harufu nzuri. Ni kitendo kile kile kinachotokea mkate unapookwa na kahawa inapokaangwa, nacho huitwa kwa jina la Mfaransa Louis Camille Maillard, aliyekieleza mwaka 1912. Katika ukaangaji huo sehemu ya kitu kiitwacho sesamolini hugeuka kuwa sesamoli, ambayo hukinga mafuta yasiharibiwe upesi na hewa. Moto ukizidi, hata hivyo, ufuta huungua na kuwa mchungu, na hakuna kiungo kinachoweza kuondoa uchungu huo.

Japani hulima sehemu ndogo mno ya ufuta inaoutumia. Karibu wote huagizwa kutoka nchi za nje, na miongoni mwa nchi zinazouuza huko ni Tanzania, ambako zao hilo hustawi hasa katika mikoa ya Lindi na Mtwara.

Kitunguu na machozi

Kitunguu kizima hakina ukali mwingi. Ukali hutokea kinapokatwa, kwa kuwa vimeng'enya na vitu vyenye salfa vilivyokuwa vimetenganishwa ndani ya chembe hai hukutana. Mwaka 2002 watafiti wa Kijapani walitangaza kuwa wamekigundua kimeng'enya maalumu kinachotengeneza ile gesi inayotoa machozi, ambacho hapo awali hakikuwa kikijulikana. Kukuna hupasua chembe nyingi kuliko kukata, na hivyo huleta ukali mwingi zaidi. Asidi hudhoofisha vimeng'enya hivyo. Ndiyo sababu kitunguu kilichokunwa hutiwa katika siki mara moja na kuachwa kwa dakika kumi kabla ya viungo vingine kuongezwa.

Njia ya kwanza: sosi ya kitunguu na karoti

Viungo vifuatavyo vinatosha watu wanane:

Mchuzi wa soya, vijiko 2 vya mezani (mililita 30).
Siki ya mchele, vijiko 3 vya mezani (mililita 45).
Mafuta ya kula yasiyo na harufu kali, vijiko 2 vya mezani (mililita 30).
Mafuta ya ufuta uliokaangwa, kijiko 1 cha mezani (mililita 15).
Kitunguu maji kilichokunwa, gramu 50.
Karoti iliyokunwa, gramu 50.
Tangawizi mbichi iliyokunwa, kijiko 1 cha chai.
Sukari, vijiko 2 vya chai.
Ufuta uliokaangwa na kusagwa, kijiko 1 cha mezani.

Kwanza kitunguu kitiwe katika siki na kuachwa kwa dakika kumi. Kisha sukari na mchuzi wa soya viongezwe, na vikorogwe mpaka sukari iyeyuke kabisa. Utaratibu huu usibadilishwe, maana sukari na chumvi huyeyuka katika maji lakini haviyeyuki katika mafuta. Baada ya hapo hutiwa karoti, tangawizi na ufuta. Mafuta huja mwisho, kidogo kidogo, huku mchanganyiko ukipigwa kwa uma. Au yote hutiwa katika chupa na kutikiswa kwa nguvu kwa muda wa dakika moja. Mtu asiye na siki ya mchele aweza kutumia siki nyingine ya chakula au maji ya limau, akionja kwanza kwa kuwa uchachu hutofautiana.

Katika sosi za saladi za Kifaransa desturi ni sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja ya siki. Hapa mafuta na siki ni sawasawa, kwa sababu umami, sukari na utamu wa karoti hupunguza makali ya siki. Sosi yote huwa na uzito wa gramu 240 hivi, na chumvi iliyomo ni gramu 5.2. Kila mtu hupata gramu 30 za sosi, na ndani yake chumvi isiyozidi gramu 0.7. Kama angejimiminia vijiko viwili vya mchuzi wa soya mtupu, angekula gramu 5.2 peke yake.

Njia ya pili: sosi ya ufuta

Viungo vya watu wanne ni vijiko 4 vya mezani vya ufuta (gramu 36 hivi), kijiko 1 cha mezani cha mchuzi wa soya, vijiko 2 vya siki ya mchele, kijiko 1 cha sukari, na vijiko 2 vya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Wenye mwani wa kombu au samaki mkavu hutumia supu yake iliyopoa badala ya maji, na kwa njia hiyo huongeza umami bila kuongeza mchuzi.

Ufuta ukaangwe katika kikaango kikavu, kwa moto mdogo, huku ukigeuzwa bila kuachwa. Punje mbili tatu zikianza kurukaruka na harufu ikitoka, uondolewe motoni na kumiminwa katika sahani, kwa maana kikaango chenye joto huendelea kuuchoma. Usagwe ungali na uvuguvugu, mpaka uanze kutoa mafuta na kushikamana. Kisha sukari, mchuzi wa soya, siki na maji vitiwe kwa zamu, kila kimoja kikikorogwa vizuri kabla ya kufuata kingine. Hakuna haja ya kuongeza mafuta, kwani gramu 36 za ufuta zina takriban gramu 18 za mafuta yake. Sosi hii hufaa kwa mboga mbichi na kwa mboga zilizochemshwa pia.

Wakati wa kuitia katika mboga

Mboga zikaushwe kwa kitambaa safi au zichujwe vema kabla ya kutiwa sosi. Maji yanayobaki juu ya majani huipunguza sosi nguvu na kuifanya iteleze hadi chini ya bakuli. Sosi yenyewe itikiswe tena, kisha itiwe wakati wa kula tu. Chumvi huyavuta maji yaliyomo ndani ya majani, na mafuta hupenya nta nyembamba iliyo juu yake; kwa hiyo saladi iliyotiwa sosi mapema hunyauka na kujaa maji.

Wapo wanaodhani kuwa sosi isiyo na mafuta kabisa ndiyo bora kwa afya, na sosi za namna hiyo huuzwa sana Japani. Ni kweli kuwa zina nishati ndogo. Lakini karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka katika mafuta. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa watu waliokula saladi yenye sosi isiyo na mafuta hawakufyonza karotini kwa kiasi cha maana, ilhali waliotiliwa mafuta waliifyonza. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa mlaji, kama ilivyo katika njia ya kwanza, kina kazi yake.

Tahadhari

Siki haitegemewi kusafisha mboga. Mayai ya minyoo ya tumbo yana ganda linalostahimili hata kemikali kali kuliko siki ya mezani. Japani iliishinda minyoo kwa kubadili mbolea, kupima watu na kuwatibu, wala haikuishinda kwa viungo vya saladi. Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe jani moja moja kwa maji salama yanayotiririka, na mizizi isuguliwe. Pasipo maji salama, ni afadhali kufuata desturi ya kale ya aemono: mboga zichemshwe kidogo, zipozwe, kisha zitiwe sosi.

Hatari ya pili ni sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake hupatikana katika udongo na huweza kubebwa na mboga za mizizi. Bakteria huyo hustawi pasipo hewa na pasipo asidi ya kutosha. Mwaka 1984 watu 36 waliugua nchini Japani, na 11 kati yao walifariki, baada ya kula mizizi ya yungiyungi iliyojazwa haradali na kufungwa katika mifuko iliyoondolewa hewa. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu ya kitunguu saumu kilichohifadhiwa katika mafuta bila ubaridi. Chakula chenye sumu hiyo chaweza kuonekana na kunukia kama kawaida. Kwa hiyo kitunguu saumu, tangawizi au karoti zisilowekwe katika mafuta matupu na kuachwa kabatini. Sosi yenye siki ya kutosha ni salama zaidi, kwa kuwa bakteria huyo hakui pale kipimo cha pH kinapokuwa chini ya 4.6, walakini mpishi hana kipimo hicho jikoni, na mboga mbichi zilizokunwa huendelea kuharibika. Sosi itengenezwe kidogo, iwekwe katika jokofu, na iliwe kabla ya siku nne kupita. Pasipo jokofu itengenezwe ya mlo mmoja.

Mwisho, soya, ngano na ufuta ni miongoni mwa vyakula vinavyowaletea baadhi ya watu mzio, na pengine mzio huo huwa mkali hata kuhatarisha maisha. Mwenye kukaribisha wageni awaarifu vilivyomo ndani ya sosi kabla hawajala. Wagonjwa wa shinikizo la damu nao watumie mchuzi wa soya uliopunguzwa chumvi ikiwa unapatikana. Ama sivyo, mchuzi wa kawaida upunguzwe hadi kijiko kimoja katika njia ya kwanza, na ufuta na siki viongezwe kidogo kufidia ladha.